Mama mkwe wangu na Bruce Lee wamenihamishia jikoni

MWULIZE SOMO

Somo, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa jikoni, maana sebuleni kwangu kuna vita na mimi sina silaha.

Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari. Naishi Tabata na mume wangu na watoto wawili, wa kiume ana miaka tisa na wa kike sita. Mwaka jana tulimleta mama mkwe kutoka Tanga, kwa sababu magoti yanamsumbua na kule alibaki peke yake baada ya binti yake wa mwisho kuolewa. Nilimpokea kwa roho safi. Nikanunua godoro, nikawahamishia watoto chumba kimoja, nikajiandaa kwa yale tunayoyasikia kwa wenzetu: chumvi imezidi, mtoto hajafunikwa, siku hizi mnalea kizungu. Hakusema hata moja. Mama wa watu hana neno. Ana kasoro moja tu, nayo ni muvi za ngumi.

Usidhani anapitisha muda. Ana miaka 68. Akishatoa salamu ya Isha, msala haujakunjwa, rimoti iko mkononi. Kijana wa kibanda cha muvi hapa mtaani anamwita Bibi Komando, na kila Ijumaa anamjazia flashi kwa buku mbili. Bruce Lee, Jackie Chan, Van Damme, huyo Schwarzenegger ambaye yeye anamwita Anodi, wote anawataja kama wajomba zake wa Pangani. Na anazipenda hasa zilizotafsiriwa, zile za kina Lufufu na DJ Mark, ambamo Mchina anaongea Kiswahili cha Temeke na adui anatukanwa mpaka ukoo. Sabufa ya mume wangu iko chini ya meza ya TV. Teke likipigwa Hong Kong, vikombe vyangu vinagongana Tabata.

Somo, mimi nafundisha namba. Siwezi. Juzi niliketi ukingoni mwa kochi nikisubiri taarifa ya habari, nikahesabu: bastola moja, risasi 23, hakuna aliyebadilisha magazini. Steringi kapigwa nondo ya mgongo, kaanguka kutoka ghorofani, katobolewa bega, kajifunga kitambaa, anaendelea. Nikasema kwa sauti, "Huyu amekufa tangu nusu saa iliyopita." Mama mkwe akanigeukia kwa huruma, utadhani mimi ndiye wa kidato cha kwanza, akasema, "Mwanangu, steringi hafi." Watoto wakacheka. Mume wangu naye akacheka.

Jumamosi moja wanakikoba walikuwa kwangu, tumekaa uani tunahesabu hisa. Kimya. Mara dirishani: "Usimwache! Mmalize! Nyuma yako, mjinga wewe!" Mweka hazina akaangusha sanduku. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakati wa kuagana mmoja wao akaninong'oneza mlangoni, "Kwani alimmaliza?"

Hayo yote ningeyameza. Kilichonifikisha kwako ni la mwezi uliopita. Mwanangu alimrushia mdogo wake teke la kuzunguka, lile la Van Damme, mtoto akapasuka mdomo wa chini, nyuzi mbili zahanati. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa utulivu kabisa: "Mama, alitakiwa akwepe."

Mume wangu anasema, "Mwache mama. Amelea watoto saba kwa vitumbua, hajawahi kuniomba kitu." Halafu anakwenda kukaa naye. Nikichungulia nawakuta wote wanne wamebanana kwenye kochi moja kama wako kwenye daladala, mimi nasahihisha madaftari juu ya friji.

Kuna jingine, dogo, nalitaja tu uone ilipofikia. Iko muvi moja ya zamani ya Bruce Lee anairudia kila mwezi. Anasema aliiona akiwa msichana, sinema ya Tanga mjini, alitoroka na kaka yake kutoka kambi ya mkonge ambako baba yao alikuwa manamba. Kuna mahali Bruce Lee anavunja kibao kwa teke kwenye geti la bustani. Basi hapo mama anarudisha nyuma, anaangalia, anarudisha tena. Wiki iliyopita nikamkuta anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Kwa ajili ya kibao! Humo ndani wanapigwa watu sijui wangapi hatikisiki, kibao ndicho kinachomliza.

Nimeona TV ya inchi 24 kwa bei ninayoiweza. Nafikiria nimnunulie, niiweke chumbani kwake, aangalie peke yake kwa raha zake, nami nirudi sebuleni kwangu. Nitakuwa nimekosea?

Mkaza Mwana, Tabata

*

Marahaba, mwalimu.

TV usinunue. Nianze na hilo kabla hujapita dukani. Mama mkwe wako atakushukuru, atakuombea dua, na ataelewa vizuri sana. Sisi watu wa pwani hatumfukuzi mgeni. Tunamtandikia mkeka mzuri, mbali. Yeye ni mtu wa Tanga, mkeka huo ataujua akiuona. Akikuomba mwenyewe TV ya chumbani, hilo ni jambo jingine, mnunulie siku hiyo hiyo.

Sasa hizo risasi 23. Nami nina swali la hesabu: ili mtu azihesabu zote bila kukosea, anapaswa kukaa muda gani bila kupepesa macho? Hukuwa unasubiri taarifa ya habari. Ulikuwa umenasa, ukatafuta njia ya heshima ya kuendelea kutazama.

Sikucheki. Nakuonyesha tu kwamba unaisahihisha karatasi ambayo haikuja kwako isahihishwe. Steringi hafi si kosa la aliyeitunga picha, ndiyo kanuni ya mchezo. Na kanuni hiyo umekua nayo, sema haikuwa na sabufa. Mkumbuke Fumo Liyongo. Ndani ya mkoba wake mmetiwa kinu na mchi, jiwe la kusagia, chungu, mafiga na mtungi wa maji, naye kautupia begani anatembea. Sijasikia mzee hata mmoja aliyemkatiza msimulizi akauliza jumla ya kilo. Akafungwa gerezani, akaletewa tupa ndani ya mkate, akakata minyororo huku nje wakipiga ngoma kubwa mlio usisikike. Hapenywi na mkuki wala mshale, isipokuwa sindano ya shaba, nayo iingie kitovuni. Hata kufa kwake si kufa kwa kawaida: kapiga goti kisimani, upinde mkononi, na mji mzima ukashinda na kiu kwa kuiogopa maiti. Halafu wewe unamshangaa Anodi ambaye katika ile picha yake ya mwaka 1985 anatutokea mara ya kwanza amebeba gogo zima la mti begani. Huo ni mkoba ule ule wa Liyongo.

Kuna kitu ambacho watu wanaozidharau picha hizi huwa hawakitazami, nacho ni miguu. Wao husikia ngumi na kelele, wakasema ni ukatili. Bruce Lee, kabla dunia haijamjua, alikuwa bingwa wa cha-cha Hong Kong, mwaka 1958. Van Damme, mtoto wa Brussels, alisoma baleti kwa miaka pamoja na karate yake. Ule msamba wake unaowafanya wanaume wenzake wakunje uso ulipita kwenye darasa la densi. Jackie Chan alikabidhiwa chuo cha opera ya Kichina akiwa mtoto wa miaka kama saba, akakaa huko karibu miaka kumi akifundishwa kuimba, sarakasi, kubinuka na kusimama kwa mikono, na fimbo juu. Unaona walikotoka? Hizi ni ngoma, mwalimu. Ngoma ambayo mwenzako unayecheza naye anaangukia mezani.

Na wewe umeniambia, kwa sentensi moja tu mwanzoni, kwamba magoti yanamsumbua. Mwanamke aliyeamka alfajiri miaka yote hiyo kukaanga vitumbua, leo akitaka kwenda msalani anashika ukuta. Jioni anakaa anatazama mtu wa kilo sitini na kitu anapaa.

Tena wengine walikuwa wanapaa kweli. Mwaka 1985 Jackie Chan aliruka akaning'inia kwenye nguzo ndefu ndani ya jengo la maduka Hong Kong, nguzo imezungushiwa taa za umeme, akateleza mpaka chini taa zinapasuka njia nzima. Viganja vikaungua. Haukupita muda mrefu, akiwa Yugoslavia kwenye picha nyingine, akarukia tawi la mti, tawi likamsaliti, akaangukia kichwa kwenye mawe, fuvu likapasuka, akafanyiwa upasuaji, na sikio moja halikurudi sawa. Ndiyo maana mwisho wa picha zake nyingi huweka vile vipande vya walipokosea: mtu anabebwa kwenye machela, mwingine kashika mguu analia. Bibi Komando huwa anaviacha au anazima mapema? Muulize. Kama anazima, basi hapo ndipo somo la watoto wako lilipo na mmekuwa mkilizima kila usiku. Nitalirudia.

Kwanza kibao, ambacho wewe umekiita jambo dogo.

Picha hiyo ni ya mwaka 1972, na kwa Kiingereza huitwa Fist of Fury. Mambo yanatokea Shanghai, zama ambazo mataifa ya nje yamejikatia mitaa yao ndani ya mji wa Wachina. Mwalimu wa kung fu ameuawa kwa sumu, mwanafunzi wake anataka kujua ni nani. Anafika kwenye geti la bustani, mlinzi anamzuia, anamwonyesha kibao: mbwa na Wachina hawaruhusiwi kuingia. Pembeni anapita mtu na mbwa wake, wanaingia. Wakatokea wengine wakamwambia akijifanya mbwa, atambae, watamwingiza. Anawapiga. Halafu anakirusha kibao juu kwa teke, na kabla hakijashuka anakifuata hewani anakivunja vipande.

Sasa mweke hapo msichana wa miaka kumi na kitu kutoka kambi ya mkonge, baba yake manamba. Wewe unafundisha namba, jina hilo halikupiti: wafanyakazi wale walioletwa kutoka mbali kwa mkataba walipewa kila mmoja namba, na namba ikageuka kuwa jina la kundi zima. Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika, hospitali hivyo hivyo, vilabu hivyo hivyo. Baba yake alivijua vibao vyake, vilivyoandikwa na visivyoandikwa. Uhuru ulipokuja mama mkwe alikuwa mtoto mdogo. Alivisikia nyumbani, kwa sauti ya chini, jinsi wazazi wanavyosimulia mambo waliyoyameza. Miaka ikapita, anakaa kwenye giza la sinema, anamwona mtu asiye mzungu, mwembamba, hana bunduki, anakivunja.

Angekuwa mama yangu ningemrudishia nyuma mimi mwenyewe.

Halafu angalia picha hiyo inavyokwisha, maana hapo mama mkwe alikuficha kitu. Steringi wa picha hiyo anakufa. Bunduki zimepangwa getini zinamsubiri. Anatoka, anakimbia, anaruka kuzifuata, na picha inagandishwa akiwa hewani. Risasi unazisikia, maiti huioni. Bruce Lee mwenyewe alifariki Julai 20, 1973, ana miaka 32, mwezi mmoja kabla picha yake Enter the Dragon haijaanza kuonyeshwa Marekani. Kwa hiyo bibi huyo anayekwambia "steringi hafi" anajua kuliko wewe kwamba alikufa. Yuko hewani pale tangu alipomwona. Namna ile ya kusema "hafi" haihitaji kalkuleta.

Hizo tafsiri nazo usizibeze sana. Sinema za Hong Kong za miaka ile zilipigwa bila sauti, maneno yakatiwa baadaye studioni, mara nyingi na watu wengine kabisa. Ndiyo maana midomo na maneno havikutani. Lufufu hakuharibu sauti ya Bruce Lee. Wengi walikwishapita hapo kabla yake. Yeye na wenzake, na DJ Afro kwa majirani zetu Kenya, na wale watafsiri wa Kampala wanaoitwa ma-VJ, waliiweka picha mahali ambapo hadithi zetu hukaa, yaani mdomoni mwa mtu anayekujua. Pale Wakaliga, Kampala, yuko mtengenezaji anaitwa Isaac Nabwana ambaye utotoni hakuwa anaziona picha, kaka zake walikuwa wakienda wanarudi wanamsimulia. Kutokana na masimulizi akaanza kutengeneza zake, helikopta za vyuma chakavu, damu ya maji ya rangi, na ile ya mwaka 2010 iliyomtangaza duniani imewekewa msimulizi juu yake, anayecheka, anayetabiri, anayepigia debe. Bila kelele za watu picha hizi hazijaiva. Aliyewahi kubanana kwenye kibanda umiza anajua: nusu ya utamu ni yule jamaa wa benchi la nyuma anayemtahadharisha steringi. Kwenu kibanda umiza ni kochi lako, na jamaa wa benchi la nyuma ni mama mkwe. Ukimfungia chumbani na inchi 24 zake, atamtahadharisha nani?

Baada ya kusema hayo, mwalimu, mdomo wa mtoto una nyuzi mbili, na hapo siko upande wa bibi hata kidogo. Wala siko upande wa mumeo, ambaye naona anapenda kuwa mtoto wa mama yake kuliko kuwa baba wa watoto wake kuanzia saa mbili usiku.

La kwanza ni lake, si lako. Mkwe hamwambii mama mkwe "punguza sauti", hata akiwa na haki, neno hilo likitoka kwako litakaa nyumbani miaka kumi. Mwanawe ndiye atakayesema. Amwambie mambo matatu tu, kwa adabu, akiwa amekaa chini: sabufa izimwe saa tatu; siku za shule watoto waondoke sebuleni saa mbili na nusu; na zile picha za watu kuteswa, kuchunwa na kukatwakatwa, zisiwekwe wakiwa macho. Van Damme kurushiwa unga machoni akapigana haoni, hiyo ni hadithi. Mtu kafungwa kitini dakika kumi anang'olewa kucha, hiyo si ya mtoto wa miaka sita hata ikitafsiriwa kwa vichekesho gani. Kijana wa flashi anachanganya tu, hajui. Mumeo awe anaipitia Ijumaa kabla haijachomekwa. Kazi hiyo ataifurahia, nakuhakikishia.

La pili ni la bibi mwenyewe. Mwanao amejibu "alitakiwa akwepe" kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kule mwenzake anajua teke linakuja, wamelifanyia mazoezi siku nzima, na halifiki. Wewe ukimwambia, ni mama anagomba. Bibi akimwambia, ni siri ya wakubwa. Baina ya bibi na wajukuu kuna utani ambao wewe huna, utumie. Mwombe awafundishe jinsi ya kupigana kwa uongo.

Chukueni simu yako. Bibi ndiye mwongozaji, akae kitini na fimbo yake. Simu isimame nyuma ya bega la anayepigwa. Ngumi ipite mbele ya pua, mbali shibiri nzima, na anayepigwa ageuze shingo kwa wakati wake. Ukitazama kwenye simu utaapa imempata. Sauti haipo, inaongezwa: wenye kazi yao hupiga nyama na ngozi kwa ajili ya ngumi, na mfupa unaovunjika mara nyingi ni seleri. Wewe tumia karoti, ivunje karibu na simu. Kwa kasi, hapo utaingia wewe na somo lako. Kamera ya sinema hupiga picha 24 kwa sekunde. Hong Kong walikuwa wakipiga 22 hivi, au chini ya hapo, halafu wanazionyesha kwa kasi ya 24, mkono unakuwa umeme. Mwanao wa miaka tisa akikokotoa teke la sekunde mbili linaonekana limechukua muda gani, atakuwa amefanya hesabu yenye teke ndani yake. Jaribu kumpa hiyo badala ya maembe ya Juma na Asha.

Na kanuni moja ya chumba, itoke kwa bibi: anayemgusa mwenzake kweli, hata kwa bahati mbaya, hatazami picha wiki nzima. Wanaofanya kazi hii mtu anayemuumiza mwenzake ovyo haitwi tena.

Nimekupa kazi ya mumeo na ya bibi, yako imebaki fupi. Ijumaa ijayo madaftari yaache juu ya friji. Kaa kochini. Mpelekee kijana wa kibanda ombi lako mwenyewe: akutafutie za Michelle Yeoh. Huyo ni mtoto wa Ipoh, Malaysia, alikwenda Uingereza kusomea baleti, akaumia mgongo, akaangukia Hong Kong kwenye ngumi. Mwaka 1992, yuko na Jackie Chan, alirusha pikipiki akatua juu ya treni inayokwenda, mwenyewe. Mwaka 2023 akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike akiwa na miaka 60. Nataka kujua Bibi Komando atasema nini akimwona mwanamke wa rika la kukaribiana naye akiwapanga wanaume ukutani. Wajomba anao wengi, shangazi sijui kama anaye.

La kibao usilianze siku hiyo. Subiri muvi ile ifike zamu yake ya mwezi, akirudisha nyuma mara ya kwanza usiseme kitu, mara ya pili muulize tu, "Mama, siku mlipotoroka na mjomba, mlirudije kambini?" Halafu nyamaza, hata picha ikiendelea. Ukiona anapunguza sauti mwenyewe, sogea karibu.

Risasi endelea kuzihesabu, lakini kimoyomoyo. Na yule mwanakikoba aliyeuliza kama alimmaliza, mwalike. Aje na karanga.

Somo